Kabla hujanunua viatu vya kunyanyulia vyuma

Wengi wanaokuja kwangu kuanza mazoezi huja na raba za kukimbilia, zile zenye soli nene ya sponji. Barabarani ni nzuri mno. Ila ukishabeba kilo 80 mabegani, sponji inabonyea, tena haibonyei sawasawa: mguu unalalia ndani, goti linaufuata, na nguvu uliyotaka kusukumia ardhi inamezwa na soli.

Hatua ya 1: Pima kifundo cha mguu
Vua viatu, simama ukitazama ukuta, ncha ya kidole gumba iwe sentimita 10 kutoka ukutani. Kunja goti mpaka liguse ukuta bila kuinua kisigino. Likigusa, kifundo chako kinakunjika vizuri. Kisigino kikiinuka mapema, basi viatu vya kunyanyulia vyenye kisigino kigumu kilichoinuka vitakufaa sana. Pima miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja ni mgumu kuliko mwenzake, hasa kama uliwahi kuteguka.

Tafadhali usiruke hatua hii. Inauma kumwona kijana ametoa akiba yake yote kununua kiatu ambacho mguu wake haukukihitaji.

Hatua ya 2: Tazama zoezi lako
Kwa skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani), na kwa mitindo miwili ya Olimpiki ya kunyanyua chuma hadi juu ya kichwa (snatch, na clean and jerk), tafuta kisigino kigumu kilichoinuka milimita 15 hadi 22. Goti hupata nafasi ya kwenda mbele, kifua kikabaki wima hata ukichuchumaa hadi chini kabisa.

Kwa dedilifti, yaani kuvuta chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima, mambo yanageuka. Kisigino cha juu kinakuongezea umbali wa kuvuta chuma na kukuegemeza vidoleni. Hapo vaa soli bapa na nyembamba: raba za turubai kama Converse Chuck Taylor zinatosha kabisa. Kama mfuko unaruhusu jozi moja tu na kifundo chako kiko sawa, mimi ningeanza na hizo bapa.

Hatua ya 3: Kikague kiatu
Bonyeza soli ya kisigino kwa kidole gumba, kwa nguvu zako zote. Ikiingia ndani, kirudishe. Kiweke juu ya meza, kisiyumbe. Ukienda mtumbani, soko la Karume jijini Dar es Salaam au kwingineko, chunguza gundi kuzunguka soli yote kisha ukunje sehemu ya vidole. Kiatu kilichokaa miaka bila kuvaliwa huweza kung'aa kama kipya, na soli yake ikapukutika siku ya kwanza chini ya uzito. Nimeona ikitokea katikati ya skwati, na ni bahati tu hakuna aliyeumia.

Hatua ya 4: Kijaribu jioni
Miguu huvimba kidogo kufikia jioni, kwa hiyo jaribu wakati huo, na soksi zako za mazoezi. Kisigino kisipwaye hata kidogo. Vidole viweze kutanuka. Vikibanwa dukani, vitabanwa zaidi chini ya chuma. Kamba na mkanda wa kiatu vikaze katikati ya mguu.

Hatua ya 5: Anza upya, taratibu
Siku ya kwanza nyanyua chuma kitupu, bila kuongeza uzito pembeni, kilo 20 au 15. Kisigino kikipanda, mapaja ya mbele hufanya kazi zaidi na mizani ya mwili hubadilika. Ongeza uzito kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi. Na usikimbie wala kuruka kamba ukiwa umevaa viatu hivyo.