Somo: Kuanza kukusanya santuri za roki, na kuisoma santuri kabla ya kuilipia

Somo hili ni la mtu anayeupenda muziki wa roki kiasi cha kutaka kuushika mkononi. Halimhusu anayetafuta pambo la ukutani, wala anayenunua leo ili auze kesho. Santuri mbili zenye jalada moja na nyimbo zilezile zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa masikioni, na mkusanyaji ni yule anayeweza kuzitofautisha kabla hajatoa pesa. Ndiyo maana hatua ya 3 na ya 4 ni ndefu. Nyingine tutapita haraka.

Hatua ya 1: Chagua njia ya kufuata

Achana na orodha za "albamu bora za nyakati zote". Ukizifuata utakuwa na rafu kama ya kila mtu. Anza na albamu moja unayoijua kwa moyo, ile ambayo hata ukifumba macho unajua dramu zinaingia wapi. Kisha geuza jalada usome maandishi madogo ya nyuma: prodyuza, fundi mitambo, studio, mpiga kinanda aliyealikwa kwa wimbo mmoja. Chagua jina moja ulifuate. Anayemfuata fundi Martin Birch, kwa mfano, ataanza na Deep Purple wa mwanzo wa miaka ya 1970, atafika kwa Black Sabbath wa mwaka 1980, kisha ataandamana na Iron Maiden kuanzia 1981 hadi 1992. Hapo umepata zaidi ya miaka ishirini ya roki nzito iliyopita mikononi mwa mtu mmoja, na masikio yako yatajifunza mengi kuliko yangejifunza kwenye orodha yoyote.

Unaweza pia kufuata mahali na wakati. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na roki yake, Zamrock: WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family. Magita yanakwaruza kwa fazi (mkoromo unaoongezwa kwa kifaa), na chini yake kuna mdundo ambao huusikii kwa bendi za Uingereza. Nawasihi wanaoanza waisikilize mapema, wasiiweke kiporo hadi wamalize "wakubwa".

Hatua ya 2: Mashine

Huhitaji mashine ya kifahari. Unahitaji yenye mkono unaoweza kupimwa uzito. Katriji (kile kifaa kidogo kinachobeba sindano) nyingi nzuri hufanya kazi kwa gramu 1.5 hadi 2 za mgandamizo wa sindano. Vile vimashine vya sanduku vyenye spika ndani mara nyingi hukandamiza zaidi ya hapo, na mkono wake haurekebishiki. Usiviwekee santuri unayoithamini.

Jambo la pili ni amplifaya yenye tundu la fono, au kifaa cha fono cha pembeni. Santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa kwa kipimo kilichokubaliwa tangu 1954. Kifaa cha fono hukigeuza kipimo hicho na kurudisha muziki ulivyokuwa. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida, utasikia muziki mdogo, mwembamba, usio na besi, na utailaumu santuri bure.

Hatua ya 3: Jifunze kuisoma santuri

Fundi huchonga muziki kwenye sahani laini ya laka. Sahani hiyo hupakwa fedha na kufunikwa kwa nikeli, kisha nikeli hubanduliwa: huyo huitwa baba. Kutoka kwa baba hutolewa mama, na kutoka kwa mama hutolewa mihuri, ambayo ndiyo inayofyatua santuri kiwandani. Muhuri huchakaa, ukatengenezwa mwingine. Mama naye huchoka. Baada ya miaka kadhaa, au katika nchi nyingine, fundi mwingine huchonga upya kabisa, pengine kutoka kwenye nakala ya tepu iliyo mbali na ile ya asili. Jalada halibadiliki. Sauti inabadilika.

Sasa shika santuri chini ya taa uangalie ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kuna namba na herufi, nyingine zimepigwa kwa mashine, nyingine zimekwaruzwa kwa mkono. Hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya santuri.

Kwanza kuna namba ya upande huo, ikifuatiwa na namba au herufi inayoonyesha ni mchongo wa ngapi. Kwenye santuri za Uingereza za kampuni ya EMI (Parlophone, Harvest na nyingine za familia hiyo) geuza santuri hadi namba hiyo iwe chini, mahali pa namba 6 ya uso wa saa. Kushoto, penye namba 9, utaona namba ya mama. Kulia, penye namba 3, utaona herufi moja au zaidi: hiyo ni namba ya muhuri iliyofichwa katika neno GRAMOPHLTD. G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9, D ni 0. Kwa hiyo GM ni muhuri wa 14. Ukikuta mama 1 na muhuri G, umeshika santuri iliyotoka mwanzoni kabisa mwa mchongo ule. Mpaka leo nikiona G moja pale mapigo ya moyo hubadilika.

Pili kuna alama za fundi. George Peckham alikuwa akiandika "Porky" kwenye michongo yake, na wakusanyaji huitafuta kwa sababu michongo hiyo ina nguvu. Mfano unaotajwa zaidi ni Led Zeppelin II ya mwaka 1969. Mchongo wa Marekani wa Bob Ludwig una herufi RL kwenye ule ukanda. Aliuchonga kwa sauti kubwa na besi nzito mno, hata sindano za mashine duni zikawa zinaruka, na kampuni ikaagiza uchongwe upya kwa upole. Weka zote mbili mfululizo usikilize dramu za John Bonham, hutahitaji maelezo zaidi. Lakini soma ukanda wenyewe. Usiridhike na neno la muuzaji, na hakikisha RL ipo pande zote mbili.

Tatu ni lebo ya katikati. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya Februari 1970, ilitoka Uingereza kwa lebo ya Vertigo yenye duara jeusi na jeupe linalokuzungusha macho. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, toleo la mwanzo la Uingereza, ina pembetatu iliyojaa rangi ya buluu kwenye lebo. Yaliyofuata yana mistari tu ya pembetatu hiyo. Ndani kunapaswa kuwa na mabango mawili na stika mbili.

Onyo: mwaka ulioandikwa kwenye jalada ni mwaka wa haki za kazi ile, hauelezi santuri yako ilifyatuliwa lini. Wengi wamelipa bei ya toleo la kwanza kwa kuusoma huo peke yake.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kulipa

Toa santuri kwenye mfuko wake, uishike kwa ukingo na lebo tu. Iinamishe chini ya taa moja kali. Mwanga wa kila upande huficha makosa.

Vijistari vyembamba vya juujuu, vinavyotokana na kuingia na kutoka kwenye mfuko, mara nyingi havisikiki. Mkwaruzo unaohisiwa ukipitisha ukucha polepole utasikika, hilo usibishane nalo. Angalia pia unaelekea wapi. Unaokata mifuo (ile mistari iliyochongwa inayobeba muziki) kwa upana utatoa mlio wa "tak" kila mzunguko, lakini sindano itaendelea mbele. Unaofuata mkondo wa mifuo ni hatari zaidi: ndio unaofanya sindano iruke au ikwame palepale.

Kibaya kuliko mikwaruzo ni weusi uliogeuka kijivu. Hiyo ni mifuo iliyolika kwa sindano mbovu, na hakuna maji wala sabuni itakayoirudisha. Sikiliza wimbo wa mwisho wa kila upande ukiruhusiwa. Mwanzo wa santuri ya LP (ile kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika) sindano husafiri takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo hubaki kama 21, kwa hiyo muziki ule ule umebanwa katika nafasi ndogo zaidi. Uchakavu hujitokeza huko kwanza: matoazi yanakuwa mchanga, sauti ya mwimbaji inapasuka kwenye "s".

Mambo ya haraka: tazama ukingo kwa usawa wa jicho uone kama imepinda. Angalia lebo kuzunguka tundu, michirizi mingi pale ina maana imepigwa sana, tena na watu wa papara. Hakikisha santuri iliyomo ndiyo ya jalada hilo.

Ukinunua kwa mbali utategemea madaraja: M (Mint, kamilifu), NM (Near Mint, karibu kamilifu), VG+ na VG (Very Good, nzuri sana), G (Good), F (Fair, hafifu), P (Poor, mbovu). Ni ya kutahadhari. G, ambayo kwa maneno inadai kuwa "nzuri", ni santuri inayokwaruza mwanzo hadi mwisho. Kwa kusikiliza usishuke chini ya VG+ isipokuwa kwa kitu adimu. Muulize muuzaji kama ameipiga au ameitazama tu, na omba picha ya ule ukanda.

Hatua ya 5: Kuosha

Brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upigaji. Santuri yoyote iliyotumika ioshe kwanza, hata ikionekana safi: maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilled), tone dogo la sabuni laini isiyo na manukato, kitambaa laini, ukifuata mkondo wa mifuo. Linda lebo isilowe. Suuza kwa maji mapya ya aina hiyohiyo, isimamishe ikauke, kisha iweke kwenye mfuko mpya wa ndani. Kuirudisha kwenye mfuko wa zamani ni kuirudishia vumbi lilelile. Zile sahani nzito za mizunguko 78 usiziguse kwa alkoholi, maana shelaki huyeyuka.

Hatua ya 6: Kuhifadhi na kuorodhesha

Zisimame wima, zisiegemee, zisilaliane, mbali na jua na joto. Mifuko ya nje iwe ya polietilini au polipropilini. Ile ya PVC ikikaa miaka huacha ukungu juu ya santuri usiotoka. LP mia moja zina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo angalia rafu yako. Kwa orodha, tovuti ya Discogs, iliyoanza mwaka 2000, inatosha. Ingiza toleo kwa kulinganisha maandishi ya ukanda, usichague la kwanza lenye jalada linalofanana.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nikute toleo jipya la gramu 180 na la zamani jembamba, nichukue lipi? Zito si ndiyo bora?

Uzito hauchongi muziki. Santuri za kawaida zina gramu 120 hadi 140 na nyingi zinapiga vizuri sana. Nzito hukaa imara kwenye sahani ya mashine, basi. Uliza imechongwa na nani na kutoka tepu gani. Toleo jipya lisilosema lolote kuhusu chanzo chake silinunui kama la zamani safi lipo.

Mono au stereo kwa bendi za miaka ya 1960?

Hadi karibu 1967 mono, yaani sauti ya mkondo mmoja badala ya miwili ya stereo. Stereo ya LP ilikuja sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mashabiki wengi wa roki walikuwa bado na mashine za mono, kwa hiyo studio ziliitunza mono kwanza. The Beatles walikuwepo kwenye uchanganyaji wa mono na mara nyingi stereo waliiacha kwa mafundi. Kufikia 1969 mono ilikuwa inaondoka, na baada ya hapo stereo haina mjadala.

Sindano nibadilishe lini? Yangu bado inasikika sawa.

Kati ya saa 500 na 1,000 za upigaji, kulingana na umbo la ncha. Tafadhali usisubiri isikike vibaya. Ukishasikia kasoro, imekwisha kula santuri kadhaa, na hizo hazirudi. Andika tarehe uliyoifunga.

Nimevutiwa na Zamrock. Nitafute za asili?

Ukiikuta ya asili, ikague kama nyingine yoyote. Zilifyatuliwa chache na zilipigwa kwelikweli, kwa hiyo nyingi zimechoka. Usisubiri muujiza huo ndipo usikilize. Africa ya Amanaz na Lazy Bones!! ya WITCH, zote za 1975, zimetolewa upya kihalali. Nunua hizo. Na epuka nakala za wizi: zina majalada yenye picha hafifu na hazitaji mwenye haki popote.

Santuri yangu imepinda. Niianike juani kati ya vioo viwili?

Hapana. Joto linaloweza kunyoosha linaweza pia kuharibu mifuo, na jua halina kipimo. Kama sindano inapita bila kuruka, iache hivyo. Kama inaruka na ni toleo la kawaida, tafuta nyingine. Kama ni adimu, mpelekee mwenye mashine maalumu ya kunyoosha inayodhibiti joto.

Nina LP ya miaka ya 1970 ambayo haijafunguliwa kabisa. Inaniuma kuifungua. Niiache?

Ifungue. Plastiki ya zamani huendelea kujikaza na inaweza kuipinda santuri ikiwa humo humo. Tena bila kuuona ukanda hujui una mchongo upi, na wapo wanaofunga upya santuri zilizotumika. Pasua plastiki kwa ukucha kwenye mdomo wa jalada peke yake, usitumie kisu. Itoe yote, usiibakize kwenye jalada. Kisha ioshe kabla ya kuipiga, maana hata mpya hutoka kiwandani na vumbi la karatasi.