Waini ya aina moja ya zabibu: kusoma lebo na kuiandika kwenye menyu

Mteja wa Capri Point akiagiza "Chenin" ya kushushia sato wa kuchoma, hataji kampuni wala chapa. Anataja zabibu. Menyu nyingi za hoteli na baa za Mwanza huandika chapa peke yake, na mhudumu huishia kubahatisha.

Hatua ya 1. Shika chupa, tafuta jina la zabibu: Chenin Blanc, Merlot, Pinotage, Shiraz. Maandishi makubwa mara nyingi ni ya kampuni. Zabibu hukaa chini yake.

Hatua ya 2. Usiahidi "Merlot tupu". Sheria huruhusu kuchanganya kidogo bila kubadili jina: Afrika Kusini na Umoja wa Ulaya zabibu iliyotajwa iwe angalau asilimia 85, Marekani kwa kawaida 75. Ikiwa ni 100, lebo ya nyuma aghalabu hujisifu.

Hatua ya 3. Lebo ikiwa na majina mawili, mfano Shiraz Cabernet Sauvignon, huo ni mchanganyiko. Yaandike yote, kwa mpangilio uleule. Kukata jina la pili ili litoshe kwenye mstari ni kumuuzia mteja kitu kingine.

Hatua ya 4. Hakuna jina la zabibu? Huenda lililoandikwa ni jina la mahali. Wafaransa ndio mabingwa wa hili: Chablis ni Chardonnay, Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc, ila Bordeaux nyekundu kwa kawaida ni mchanganyiko. Dodoma nayo ni mahali. Huko hulimwa Makutupora nyekundu, Chenin Blanc na Syrah, ambayo ndiyo hiyohiyo Shiraz.

Hatua ya 5. Andika zabibu, kampuni, nchi, mwaka wa mavuno ulio kwenye lebo, kisha utamu. Utamu usiuruke hata kidogo, maana jina la zabibu halikuambii lolote kuhusu sukari. Chenin Blanc hutengenezwa isiyo tamu kabisa na hutengenezwa tamu kama sharubati. Mteja aliyezoea tamu akimiminiwa ile nyingine atasema imechacha, na chupa imeshafunguliwa. Mzigo mpya ukiingia, kagua mwaka upya.

Hatua ya 6. Nyeupe itoke kwenye friji ikiwa nyuzi 8 hadi 12. Nyekundu iliyoshinda kaunta kwenye joto letu iingie friji dakika 20 hadi 30 kwanza. Ikiwa ya moto, pombe hupanda puani na harufu ya zabibu mteja aliyoilipia haisikiki. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150.