Namna ya kufundisha ERP kwa wanafunzi wa MBA ya jioni hapa Dar

Wakuu, hii ni kwa nyie mliopangiwa kile kipindi cha ERP, yaani mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha manunuzi, stoo na uhasibu, kwa wanafunzi wa MBA ya jioni. Wengi tunaanza kwa kuwasha projekta na kuonyesha menyu moja baada ya nyingine, na mpaka wiki ya tatu nusu ya darasa wako kwenye simu. Mwanafunzi wako katoka ofisini Posta, kabanana kwenye mwendokasi, kafika saa kumi na mbili kasoro kachoka, na kazini kwake mfumo upo na pengine anauchukia. Huyo hahitaji kuonyeshwa pa kubonyeza, kesho ana vijana wa kumbonyezea. Anachohitaji ni kuona kwamba stoo wakigusa kitu, vitabu vya mhasibu vinatikisika.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza usifungue kompyuta kabisa. Gawa darasa meza tatu, manunuzi, stoo na uhasibu, waambie sisi ni duka la jumla la rangi Kariakoo. Manunuzi waandike LPO (hati ya kuagiza mzigo) ya ndoo 200 za lita 20, kila moja shilingi 100,000 kabla ya VAT. Stoo wape vikaratasi 188 tu vya kuwakilisha ndoo na usimwambie mtu mwingine. Uhasibu wape invoisi ya ndoo zote 200, milioni 20 jumlisha VAT ya asilimia 18, jumla 23,600,000, halafu kaa pembeni wafanye kazi. Ukiwabana na muda uhasibu wanalipa, maana karatasi ya stoo bado iko mezani kwa stoo, na hapo 1,416,000 imeondoka kwa ndoo 12 ambazo hazikufika. Waache walaumiane kidogo, usiharakishe kuwapa jibu, ule ubishi ndo somo lenyewe.

Kipindi cha pili rudia biashara ile ile, ndoo zile zile, ila sasa kwenye mfumo. Mimi natumia programu ya ERPNext kwa sababu ni bure na uhasibu wote umo. Odoo ya bure nayo nzuri na inapendeza machoni lakini uhasibu kamili wameuweka kwenye toleo la kulipia, na bila leja, yaani daftari kuu la hesabu, somo hili halina maana. Iweke kwenye laptopu moja yenye nguvu, chomeka ruta, wanafunzi waingie kwa brauza kupitia waifai ya darasani, hata bando hamhitaji. Ruta iwe na betri yake, umeme wa jioni mnaujua. Na chukua bakapu kabla hawajaingia, watavuruga tu na inatakiwa wavuruge.

Kila meza iwe na akaunti yake na ruhusa zake, mtu wa stoo apokee mzigo lakini asiweze kuandaa malipo. Kabla ya kuanza washa sharti kwamba invoisi ya msaplaya haipiti bila hati ya kupokelea mzigo, na leja ya stoo iwe inajiandika yenyewe. Sasa mwambie mhasibu afungue leja kwenye skrini kubwa asiguse kitu, kisha stoo wapokee ndoo 188. Akirifreshi ataona thamani ya stoo imepanda milioni 18.8 na upande wa pili kuna deni la mzigo uliopokelewa ambao invoisi yake haijaingia, na yeye hajaandika hata tarakimu moja. Subiri hapo, usiseme kitu, kuna mtu atauliza “nani kaingiza hiyo?” na darasa zima litaelewa kwa pamoja. Halafu mhasibu avute invoisi kutoka kwenye ile hati, itamletea 188 sio 200. Ukitaka mfano wa mtaani waambie wakumbuke kontrol namba waliyolipia ada, pesa inajua yenyewe inafuta deni lipi.

Kipindi cha tatu ni data chafu, na hiki msikiruke. Wape Excel yenye “Rangi nyeupe 20L”, “rangi nyeupe lita 20” na “White 20ltr”, waiingize kama ilivyo, kisha uliza tuna ndoo ngapi za nyeupe. Wataleta majibu matatu na kila jibu mfumo unalitetea. Hapo ndo uwaeleze ya Hershey, kampuni ya pipi na chokoleti ya Marekani, mwaka 1999 waliwasha mfumo mpya wakati oda za sikukuu ya Halloween zinaanza kumiminika, wakashindwa kupeleka pipi za kama dola milioni 100 wakati mzigo ulikuwepo maghalani. Waulize, kwa duka letu la Kariakoo, wangewasha mwezi gani.

Mtihani usiwe wa kubonyeza. Kila mmoja achore safari ya hati moja ya kazini kwake, kurasa mbili, aonyeshe namba ileile inaandikwa mara ngapi na nani, jina la kampuni na la wateja asitaje maana hizo ni siri za mwajiri. Sharti langu ni moja, kabla ya kuleta akae na mtu wa stoo wa ofisini kwao, amwonyeshe mchoro, na pale mtu wa stoo atakaposema “hapana bosi, huwa hatufanyi hivyo” aandike kwa kalamu nyekundu. Maksi nyingi natoa kwenye hiyo nyekundu.