Somo: Homu thieta ya katoni moja, kuichagua na kuishi nayo Lamu

Assalamu alaikum wanachama.

Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja Langoni kutazama homu thieta mpya "isiyosema". Ilikuwa inasema. Besi ilitikisa vikombe vya kahawa kabatini, lakini mtangazaji wa mpira alisikika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Kumbe spika ya kati, ile inayolala ubavu, ilikuwa imesukumwa nyuma ya runinga kwa kuwa "haikupata nafasi". Niliitoa, nikailaza mbele, nikaipandisha namba tatu kwa rimoti, nikanywa kahawa yangu nikaondoka. Nyumba kama hiyo nimeingia nyingi. Watu wananunua besi, na wanachotaka wakishakaa kitako ni kusikia maneno.

Ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo ukifungua katoni unakuta kila kitu: mashine yenye amplifaya, mara nyingi na DVD ndani, spika ndogo tano na sabwufa moja. Ndiyo hiyo 5.1 iliyoandikwa nje: tano za kawaida, na hiyo moja ya besi.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kuuliza bei

Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti. Boriti ya mkoko ndiyo inayobeba dari, nayo haiendi mbali, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Upana mara nyingi haufiki mita tatu. Kuta ni matumbawe na chokaa, nene na ngumu, hazimezi sauti. Simama katikati ya chumba kisicho na vitu upige kofi moja. Ule mlio mfupi kama wa bati unaofuata ndio utakaokula maneno ya filamu yako.

Chukua tepu uandike mambo mawili: umbali kutoka runinga hadi kichwa cha mtu aliyekaa, na kilichopo nyuma ya kichwa hicho, nafasi au ukuta. Kama runinga iko kwenye ukuta mrefu na kochi limeegemea ukuta wa pili, spika za nyuma hazina pa kukaa. Hapo ama ugeuze chumba, runinga iende ukuta mfupi nawe ukae kwa urefu, ama uachane na tano ununue saundiba (spika moja ndefu inayolala mbele ya runinga) yenye sabwufa. Hakuna aibu. Saundiba yenye spika ya kati ya kweli inazishinda spika tano zilizotupwa ovyo, na hutavuta waya juu ya milango.

Halafu tandika zulia, weka mito, tundika pazia zito upande mmoja. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya bei ya homu thieta.

Hatua ya 2: Geuza mashine usome nyuma

Katoni itakuandikia wati 1000, au PMPO elfu kadhaa. PMPO ni tangazo la biashara, usiihesabu. Kibandiko cha nyuma ndicho kinachosema mashine inakula umeme kiasi gani. Nimewahi kushika ya "1000W" ambayo nyuma imeandikwa 120W. Inayokula 120 ukutani itatoaje 1000 kwenye spika? Labda kwa kufumba na kufumbua, basi. Tafuta neno RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, na ukiona pembeni yake 10% THD (kiasi cha mkwaruzo katika sauti), jua walipima wakati sauti imeshaanza kukwaruza. Kwa chumba cha mita tatu kwa sita, wati 20 hadi 30 za kweli kwa kila spika zitakutosha mpaka jirani aje kugonga.

Kibandiko hichohicho kikuambie 220–240V, 50Hz. Za mitumba kutoka Marekani huwa ni za volti 120. Ukiichomeka hapa utasikia "pap", kisha harufu.

Tazama na omu za spika, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme. Nyingi za katoni ni omu 3 au 4, na plagi zake ni za peke yake. Moja ikifa ukaweka ya omu 8, itaimba chini kuliko wenzake. Kinyume chake ni kibaya zaidi: spika ya omu 3 ukiipachika kwenye amplifaya iliyotengenezewa omu 8, inavuta mkondo mwingi na amplifaya inachemka. Na ujue sabwufa ya katoni aghalabu haina amplifaya yake. Inalishwa na mashine. Mashine ikifa, vyote vimekufa siku moja. Huo ndio ubaya wa mali hii, na ndiyo maana sishauri mtu akope ili anunue.

Hatua ya 3: Matundu ya nyuma

Nyingi zina tundu moja tu la HDMI, limeandikwa HDMI OUT (ARC). ARC ni njia ya sauti kurudi kutoka kwenye runinga kwa waya uleule uliopeleka picha. Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hivyo runinga kuukuu sana haina. Kwenye runinga pia tafuta tundu lenye neno ARC. Kwa kawaida ni moja tu, na mengine hata uchomeke usiku kucha hayatatoa sauti. Kisha washa CEC katika menyu, ile inayofanya runinga na mashine zielewane kwa waya huo. Samsung huiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Kama runinga haina ARC, tumia kebo ya optiki, ile inayotoa taa nyekundu kwenye ncha.

Sasa jambo linalosahauliwa na wengi: ingia menyu ya sauti ya runinga, pale pa sauti ya dijitali. Ikiwa ni PCM (sauti isiyobanwa), ibadilishe iwe Dolby Digital, Bitstream au Auto. Ukiiacha PCM, optiki na ARC ya kawaida zitakuletea chaneli mbili tu, na spika zako za nyuma zitakaa kama mapambo. King'amuzi kikiwa kinatoa stereo, bonyeza Pro Logic II kwenye rimoti ya homu thieta nayo itazigawia spika zote kadiri inavyokisia.

Hatua ya 4: Kila spika na mahali pake

Spika ya kati ikae chini au juu ya runinga, ukingoni kabisa mwa meza, uso wake ukielekea masikio. Ikiwa chini sana, iinue kwa kabari ya mbao. Mbili za mbele zikae kushoto na kulia kiasi kwamba wewe na hizo mbili mnafanya pembetatu yenye pande sawa.

Najua mtu mwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, atazitazama aseme: si mahali pake hapo? Panapendeza, lakini ukiisukuma spika ndani ya kidaka sauti inavuma kama ndani ya mtungi. Ukilazimika, ilete mpaka mdomoni mwa kidaka na ujaze nyuma yake kitambaa.

Za nyuma ziwe pembeni, nyuma kidogo ya masikio, na juu ya kichwa kwa shibiri mbili tatu. Usikimbilie drili. Chokaa ya zamani inamwagika na matumbawe yanavunjika kama biskuti, na Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, si kila ukuta ni wa kuchezea. Mimi huzining'iniza kwenye boriti kwa kamba nzuri.

Sabwufa ina ujanja wake. Iweke pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi iliyonyooka, kisha utambae sakafuni pembezoni mwa chumba. Pale besi itakaposikika safi, bila kuvuma wala kupotea, ndipo iende. Watoto watakucheka. Tambaa tu.

Hatua ya 5: Rangi na waya

Katoni nyingi zina rangi: nyeupe ni kushoto mbele, nyekundu kulia mbele, kijani ni ya kati, bluu kushoto nyuma, kijivu kulia nyuma, zambarau sabwufa. Zifuate. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Spika moja ikigeuzwa hutasikia kelele ya kosa, ila besi itakonda na sauti haitajulikana inatoka wapi.

Hatua ya 6: Kusawazisha

Ingia Setup, jaza umbali wa kila spika kwa mita. Sauti hutumia kama milisekunde tatu kwa kila mita, na mashine inachelewesha zilizo karibu ili zote zikufikie pamoja. Washa Test Tone, kaa mahali pako, sawazisha moja baada ya nyingine. Ukimaliza, ongeza ya kati kwa desibeli mbili au tatu. Vitabu havisemi hivyo, kuta zetu zinasema.

Hatua ya 7: Stima, chumvi na mjusi

Stima ikikatika si hatari. Hatari ni inaporudi. Nunua kinga ya volti yenye kuchelewesha, kama ile ya friji, ili mashine isipokee ule mshtuko wa kwanza. Na soketi zetu zina swichi, zitumie usiku.

Chumvi haina kinga ya kuchomeka. Upepo wa bahari unaingia dirishani, unatua kwenye vishikizo vya waya, na baada ya miezi utaona unga wa kijani. Vichomoe vyote mara mbili kwa mwaka, mimi hufanya kaskazi linapopisha kusi na kusi linapopisha kaskazi, ufute kwa spiriti, ukate ncha ya waya iliyokuwa nyeusi na kumenya mpya. Usiifunike mashine kwa plastiki, inatoa jasho humo. Leso ya pamba inatosha, nayo uitoe kabla ya kuwasha. Na iwashe walau mara moja kwa wiki. Joto lake ndilo linaloikausha.

Yangu ya kwanza haikuuawa na chumvi wala stima. Ilizima jioni moja katikati ya taarifa ya habari. Nilipofungua nilimkuta mjusi kafiri amekauka juu ya bodi ya umeme, mkia upande huu wa kapasita, mguu upande wa pili, na mayai mawili meupe kwenye kona yenye joto. Tangu siku hiyo hubandika kipande cha chandarua juu ya matundu ya hewa. Chandarua tu, si kitambaa, ipumue.

Sabwufa nayo usiiweke sakafuni nyumba za karibu na ukingo wa bahari. Maji ya bamvua yakipanda, boksi lake la mbao za unga linavimba kama mkate.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Shela:* Kaka, filamu za usiku ni shida. Wakinong'ona sisikii, bomu likilipuka mtoto anaamka.

Dada yangu, tafuta katika menyu neno DRC au Night, uwashe. Inainua sauti ndogo na kubana kubwa. Kisha ongeza ya kati, punguza sabwufa. Mchana uizime, la sivyo muziki utakosa uhai.

*Mwanachama wa Malindi:* Midomo ya watu inatangulia, sauti inafuata nyuma. Nimeongeza AV Sync, ndiyo imezidi.

AV Sync inachelewesha sauti, haiwezi kuiharakisha. Irudishe sifuri. Halafu menyu ya runinga pia huwa na kipengele cha kuchelewesha sauti, nacho ukipeleke sifuri. Ikibaki, toa Dolby uweke PCM ujaribu. Utapoteza spika za nyuma, lakini utajua tatizo liko wapi. Kama unasikiliza kwa Bluetooth, tupa hiyo Bluetooth utumie waya.

*Kijana wa Mpeketoni:* Fundi, flashi yangu ya GB 64 inasema "No Media", na kwa kompyuta inasoma vizuri.

Flashi kubwa huja na exFAT, na mashine nyingi za aina hii zinajua FAT32 peke yake. Iformati upya, lakini uhamishe vitu vyako kwanza kwa kuwa vitafutika. Na FAT32 haibebi faili moja lililozidi GB 4. Ikisoma faili na picha isitoke, huenda video ni ya HEVC, namna mpya zaidi ya kubana video, na mashine yako ni ya zamani.

*Mzee wa Mkomani:* Mwanangu, jirani analalamika. Ukuta ni mmoja. Nami sauti siweki juu.

Shikamoo mzee. Unalolisikia wewe na analolisikia yeye ni vitu viwili. Kilio cha spika ndogo kinabaki kwako, besi ndiyo inayovuka ukuta. Iondoe sabwufa kwenye kona ya ukuta wenu, iende upande wa pili, na chini yake weka kipande cha godoro chenye ubao juu. Kisha mwombe jirani akae chumbani mwake wewe ukipunguza, akuambie wapi pa kuacha. Ya adhana hunihitaji mimi, kitufe cha Mute unakijua.

*Dada wa Shela:* Samahani, narudi tena. Tangu nisogeze kochi inaandika PROTECT na kuzima.

Umeikanyaga au umeivuta waya, dada. Zima ukutani, chomoa spika zote, washa. Ikikaa bila PROTECT, rudisha moja moja, ukizima kila mara, mpaka uipate inayoizima. Hapo utaona nyuzi mbili za shaba zinagusana penye kishikizo. Zikate, uzisokote upya. Ikiandika PROTECT hata bila spika, usiifungue mwenyewe, kapasita huweka umeme hata ukishachomoa. Iletee fundi.

*Dada wa Shela:* Ni ya kijivu. Paka alikuwa anaitafuna. Imekaa sawa sasa.