Wafo za boga kwa chai ya asubuhi, ukikosea kwenye maji umekosea zote

Kamweneee, habari za baridi jamani. Huku Iringa mwezi wa 6 umeingia na upepo wake, watoto asubuhi hawataki kutoka kwenye blanketi, na mimi jikoni kwangu Kihesa nna maboga saba yamejipanga chini ya meza, mama mkwe katuletea kutoka Kilolo. Zamani yakija nilikuwa nayachemsha tunakula na chai siku mbili tatu afu watu wanachoka, mengine yanaozea pale pale na roho inaniuma maana najua mama kayabeba mpaka stendi. Sa hivi yakifika nafurahi kabisa, kila Jumamosi ni wafo mpaka yaishe.

Kwa ambaye hajawahi kuzila, wafo ni kama chapati ya maji nene ila inapikwa ikiwa imebanwa katikati ya vyuma viwili vya moto vyenye vibonde vibonde, inatoka na vishimo vya mraba, nje ganda, ndani laini. Ukiweka boga inakuwa na rangi nzuri ya dhahabu na utamu wake wa asili, sukari unaipunguza sana.

Kwanini nimekomaa nazo hivi, ngoja niseme. Mikoa yetu hii ndo inalisha nchi, mahindi huku, viazi huku, maharage, maziwa, parachichi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa wa chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani tunaongoza Tanzania nzima, na Njombe na Rukwa wanatufuata. Lilinichoma hilo. Sisemi wafo ndo dawa ya udumavu, una sababu nyingi na unaanza tangu mama akiwa mjamzito, ila siku ile niliangalia meza yangu ya asubuhi, chai ya rangi yenye sukari, mkate mweupe, andazi, nikaona hapa hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna boga, na vyote vimo humu humu ndani. Boga lenye nyama ya rangi ya chungwa lina kile kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, na kinafyonzwa vizuri kikikutana na mafuta kidogo, sasa wafo ina boga, ina mafuta, ina yai, ina maziwa, mtoto anashika mkononi anakula mwenyewe bila kubembelezwa.

Haya tuje kwenye kazi, na nitakaa sana kwenye boga kwasababu hapo ndo wengi wanaharibu, hata mimi niliharibu. Mara ya kwanza nilifuata maelekezo ya Marekani neno kwa neno, kikombe kimoja cha boga lililopondwa, nikachemsha langu, nikaponda, nikapima kikombe, nikamwaga. Nilipofungua mashine wafo ikachanika katikati, nusu imeganda juu nusu imeganda chini, na ndani uji mtupu. Nilirudia mara tatu. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba wenzetu kule wanatumia boga la kopo, ambalo limeshapikwa na kukaushwa kiwandani, zito kama siagi ya karanga. Boga letu la kuchemsha limejaa maji, kwahiyo kikombe chao na kikombe changu ni vitu viwili tofauti kabisa. Tangu hapo sijawahi kuharibu tena, ni kulikausha tu.

Chagua boga lililokomaa, zito ukilibeba, kikonyo kimekauka kama kijiti na ganda ukilibonyeza na ukucha halichubuki. Boga changa acha, tamu kwa mboga lakini kwenye wafo ni maji matupu. Likate vipande vikubwa na ganda lake, toa mbegu (usitupe nitazirudia), panga kwenye sufuria ganda likiwa chini, weka maji kidogo sana kama nusu kikombe tu, funika vizuri, liive kwa mvuke. Usilizamishe kwenye maji! Na uvumilie, huku tuko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi kama 95 tu badala ya 100, ndo maana dada yako wa Dar anakwambia dakika 20 na wewe unafika 30 boga bado linagoma. Walioko Njombe na Makete ongezeni tena kidogo maana kwenu ni juu zaidi. Angalia maji yasikaukie chini likaungua.

Likiiva kwangua nyama kwa kijiko, ponda na mwiko mpaka libaki laini bila mabonge. Sasa rudisha kwenye sufuria pana, moto mdogo, ukoroge usiondoke. Mwanzoni litakuwa linatoa mvuke na kurukaruka, angalia mikono. Endelea kama dakika 10 mpaka 15. Utajua limefika ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaacha njia, unaona chuma kabisa, na ile njia haijifungi haraka, na mvuke umepungua, rangi imekolea kuelekea udongo. Yale yangu ya juzi vikombe vitatu vilishuka vikabaki viwili kasoro, ndo ujue maji yalikuwa mengi kiasi gani. Kama huna muda au mkaa umeisha, weka kwenye kitambaa safi kile cha kuchujia tui, ning'iniza usiku kucha kwenye bomba la sinki ukiweka bakuli chini, asubuhi kamua. Yale maji yake tia kwenye uji wa watoto, matamu. Acha boga lipoe kabla ya kuchanganya, likiwa la moto litapika mayai yako.

Vipimo vya kwangu, tuko watano na zinatoka kama 8 kutegemea ukubwa wa mashine: kikombe kimoja cha boga lililokaushwa, vikombe viwili vya unga, mi nachanganya nusu ngano nyeupe nusu atta (unga wa ngano isiyokobolewa) maana atta tupu inakuwa nzito na watoto wanaikataa, na nyeupe tupu haina ufumwele wa kutosha. Mayai matatu, maziwa kikombe kimoja na nusu (maziwa fresh yaliyochemshwa yakapoa), mafuta ya alizeti vijiko vinne vya chakula, sukari vijiko viwili vya chakula au uache kabisa uponde ndizi moja iliyoiva sana, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja cha chai, tangawizi ya unga nusu, iliki mbili tatu umezitwanga, kungumanga ukwangue kidogo tu maana inatawala. Beking pauda vijiko viwili vya chai, basi. Maelekezo mengi ya nje yanasema kijiko kizima cha chakula, ambacho ni sawa na vitatu vya chai, lakini huku juu hewa ni nyepesi, vitu vinaumuka haraka afu vinanywea, na ukizidisha unabaki na uchungu flani kwenye ulimi.

Changanya vikavu vyote bakuli moja. Bakuli la pili weka viini vya mayai, boga, maziwa, mafuta, sukari, koroga mpaka viwe kitu kimoja. Ute weka bakuli la tatu, liwe kavu na lisiwe na hata tone la mafuta, upige na mchapo mpaka uwe povu jeupe linalosimama ukiinua mchapo. Wengine wataona ni usumbufu na kweli mkono unauma kama huna mashine ya kupigia, lakini boga ni zito na hilo povu ndo linazibeba wafo ziwe nyepesi, mi hiyo hatua siiruki hata kama nimechelewa. Mwagia vya maji kwenye vikavu, koroga kidogo tu, mabonge madogo madogo yaache, ukikoroga sana zinakuwa ngumu kama mpira. Acha dakika 10 atta inywe maji, ndo muda wa kuamsha watu. Mwisho ingiza povu kwa mwiko, unachota kutoka chini unageuzia juu taratibu, usipige tena. Uji wake uwe mzito kuliko wa chapati za maji, ukichota na upawa unadondoka kwa mafungu sio kwa mkondo.

Mashine iwake ipate moto sawasawa kabla hujamwaga kitu, kama dakika 5, usiamini ile taa peke yake. Paka mafuta kwa brashi juu na chini hata kama wamekwambia haigandi. Mimina upawa mmoja katikati, funga, na hapa sasa ndo mikono inawasha watu, USIFUNGUE. Itatoa mvuke mwingi pembeni, muache utoke, ukiona mvuke umekaribia kwisha na harufu ya mdalasini imejaa nyumba ndo ujaribu kuinua taratibu, kama mfuniko unagoma basi wafo inakwambia bado, ongeza dakika moja. Kwangu inachukua dakika 5 hadi 6, boga linahitaji muda zaidi ya wafo za kawaida. Ukiitoa usiirundike juu ya mwenzake kwenye sahani, zitatoa jasho zilainike, ziweke kwenye waya au juu ya chekecheo zipitiwe na hewa. Kuhusu umeme msiogope, mashine ya wati 1,000 hata ukipika dakika 45 mfululizo haimalizi uniti moja ya LUKU.

Huna mashine? Kuna ile pasi ya wafo ya chuma unayoweka juu ya jiko la mkaa unageuza upande na upande, hiyo inapika vizuri mno ila mkaa usiwe mkali, na kama nayo huna mimina uji huo huo kwenye kikaango kizito, moto mdogo, funika, geuza ukiona matundu juu. Vishimo hutapata lakini chakula ni kile kile.

Juu yake weka unachoona kinafaa. Sisi tunapenda mtindi usio na sukari na ndizi, baba watoto yeye anaponda parachichi na chumvi kidogo na ndimu, mwanzoni nilimshangaa sasa nakula hivo hivo. Asali ya kijijini kijiko kimoja inatosha, pashia kidogo kwenye maji ya moto ili imwagike vizuri, ila tafadhali sana mtoto ambaye hajafikisha mwaka usimpe asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauviwezi. Huyo mpe kipande cha wafo kilichochovywa kwenye maziwa, na kwenye fungu lake usitie sukari wala chumvi.

Mbegu nazo zioshe, zikauke juani, afu zikaange kavu kwenye kikaango na chumvi mpaka zianze kuruka, nyunyizia juu ya wafo zikiwa za moto. Wale wadogo wa chini ya miaka mitano wasagie, nzima zinaweza kuwapalia.

Boga lililokaushwa ukilipika lote siku moja unaligawa kikombe kikombe kwenye vimfuko unagandisha, likitoka kwenye freza lichuje tena maana linaachia maji. Wafo zilizobaki ni hivo hivo, gandisha zikiwa zimepoa kabisa, asubuhi ya shule unazirudisha kwenye mashine dakika mbili zinarudi na ganda lake. Juzi mama alikuja nikampa moja ya moto na chai ya maziwa, akaigeuza geuza akaniuliza "hili ndo boga langu?" nikamwambia ndio mama, akala mbili, afu akasema mwakani ataongeza mashimo ya maboga pembeni ya mahindi.