Vile unaweza kuchimba historia ya familia yako ya wakati wa mkoloni, kwa watu wa Nakuru, Kisumu na Western

Wengi wetu tulisoma ukoloni kama kitu cha mtihani, unameza miaka, unaandika, unasahau. Lakini kaa na familia yenu siku mnazungumzia ile kesi ya shamba ambayo haiishi, ama jiulize mbona nyinyi mko Njoro na ukoo wenu wote uko Vihiga, ama mbona ukienda mahali watu wanakuita wa kuja na babako alizaliwa hapo. Majibu mengi yako nyuma huko na wenye kuyajua ni wazee, na hao tunawazika kila mwezi. Nimefanya hii kazi kwa upande wetu na nikasaidia majirani wawili watatu, kwa hivyo nitasema tu vile naona inafanya kazi.

Usiende kwa mzee na swali la "ukoloni ulikuwa namna gani". Atakwambia ulikuwa mbaya, basi, mnyamaze wote. Muulize sisi tulifikaje hapa. Nani alitoka nyumbani kwanza, alitoka na nani, alipanda treni ama alitembea, alienda kwa nani, alikuwa analipwa nini. Ukipata hiyo safari umepata kila kitu, kwa sababu karibu kila safari ya hiyo enzi ilisukumwa na kodi ama ardhi.

Na ndio uelewe unachoambiwa lazima ujue kidogo hizo sheria. Kodi ya nyumba ilianza 1901, mwaka huohuo reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba. Walikuwa wanahesabu nyumba, sio watu, kwa hivyo mwanaume wa wake watatu alilipia nyumba tatu, na ilitakiwa rupia ambazo huku hakuna mtu alikuwa nazo. 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ikashika hata vijana wasio na nyumba. Sasa utapata wapi rupia kama huna cha kuuza? Unaenda kwa setla. Upande wa Nakuru ardhi ilikuwa imeshachukuliwa, Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa 1904, na sheria ya ardhi ya 1902, halafu ile ya 1915 iliyowapa masetla hati za miaka 999, zikafanya Njoro, Molo, Subukia na Solai kuwa mashamba ya watu wachache wenye ekari nyingi na hawana wa kulima. Kwa hivyo ule umaskini wa kutafuta kazi mbali ulitengenezwa ofisini, haukutoka kwa uvivu wa babu ya mtu, na mimi naona hicho ndicho kitu cha kwanza vijana wetu wanafaa kujua kabla wajue kingine chochote.

Mzee akikwambia "tulikuwa maskwota", yaani walikaa na kulima kwa shamba la setla kwa kumfanyia kazi, muulize siku ngapi kwa mwaka. Sheria ya 1918 ilisema siku zisizopungua 180 kwa mwenye shamba, na miaka ya 40 sehemu zingine zikapandishwa hadi 240 na 270, hapohapo wakaanza kupunguza ng'ombe za watu. Hapo ndio utaelewa mbona familia ilikuwa na ng'ombe nyingi kwa hadithi na sasa haina hata moja. Akikwambia "nilikuwa wa tikiti", hiyo ni ile karatasi ya siku 30, nyapara anaweka alama kila siku umefanya kazi, ukikosa siku haihesabiwi, na mpaka zitimie 30 ndio unalipwa. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa tikiti. Nikimuuliza habari ya mshahara anasema hakumbuki, lakini siku nilimuuliza posho ilikuwa inapimwa na nini, akanyanyuka akaenda jikoni akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia, akaniwekea kidole kwa ukingo akasema mpaka hapa, unga wa siku, na Jumamosi chumvi. Kutoka hapo hakunyamaza hadi jioni. Uliza vitu vya mkono na tumbo, tarehe zitakuja zenyewe.

Kuhusu tarehe, wazee wengi hawana mwaka lakini wana matukio. Andika orodha yako mapema: vita vya kwanza vya 1914 hadi 1918 wakati watu walichukuliwa kubeba mizigo Tanganyika na wengi sana wakafia huko kwa njaa na magonjwa kuliko risasi, dhahabu ya Kakamega mwanzo wa miaka ya 30, nzige za wakati huohuo, vita vya pili na vijana walioenda Keya (jeshi la KAR) hadi Burma, Emajensi (hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau) ya 1952, mafuriko ya kuanzia 1961 wakati Ziwa Victoria lilipanda. Unauliza tu "hii ilikuwa kabla ya nzige ama baada?" Kama ni familia ya Wakalenjin ama Wabukusu uliza rika la tohara, na hiyo ni kalenda nzuri kuliko cheti cha kuzaliwa.

Uliza pia kama kuna kipande kimebaki, ile karatasi ya kazi ya mkoloni. Sheria yake ilipita 1915 lakini vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha, mwanaume kuanzia miaka 16 anabeba karatasi yenye alama za vidole ndani ya kimkebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Mwajiri anaandika siku umeingia, mshahara, na siku amekuachilia. Asipoandika hiyo ya mwisho huwezi kuajiriwa kwingine na ukitoroka unafungwa. Kama mko na moja usiioshe wala usiikunjue kwa nguvu, ipige picha mchana penye mwanga, pande zote mbili, halafu usome polepole hizo safu, maana hapo kuna majina ya mashamba na miaka ambayo hakuna mtu kwa familia anakumbuka. Watu hawakukaa kimya pia, hilo liulizwe. Desemba 1921 huko Lundha, Gem, ulikuwa mkutano mkubwa wa Piny Owacho, vuguvugu la Waluo la kupinga dhuluma za mkoloni, na kipande na kodi vilikuwa kati ya malalamiko yao, na kuna familia nyingi za Siaya na Kisumu ambazo babu alikuwa hapo na wajukuu hawajui.

Wanawake wahoji peke yao, bila wanaume kukatiza. Wanaume watakupa majina ya masetla, kina nyanya watakupa nani alibaki akilima mume akiwa Kericho kwa majani chai, nani alijificha karani wa kodi akija kuhesabu nyumba, mtoto gani alitolewa shule. Kwetu habari zote za maana zilitoka kwa kukhu, yaani nyanya.

Sasa kuna sehemu ngumu na hapa uende na heshima. Kuna familia ambazo babu alikuwa chifu ama askari wa chifu, alikamata watu wa kodi na wa kazi za lazima. Kuna walioletewa chifu wa kutoka mbali, kama Waluhya wengi waliowekewa watu wa Wanga baada ya serikali kushikana na Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na hiyo chuki bado utaisikia ukikaa vizuri. Kuna waliokuwa homgadi, askari wa upande wa serikali, na waliokuwa msituni na Mau Mau, kwa boma moja. Na kuna wale waliofika wakiwa watoto wa njaa ama mateka wa vita vya zamani, ama misafara ya pwani iliyokuwa inapita Mumias kutafuta pembe na wakati mwingine watu, wakachukuliwa na ukoo mwingine wakawa wa hapo. Mzee akikwambia "hiyo wacha", wacha. Zima simu uweke kando, rudi siku nyingine na sukari, usiulize mbele ya watu, na kama hataki iandikwe usiandike.

Sana sana hii inaingia kwa mambo ya jodak na abamenya, watu waliokaribishwa kwa ardhi ya ukoo mwingine. Zamani mtu angekaa vizazi vingi hivyo bila shida. Ikaja kupima na kusajili, na sheria ya kupima ya 1968 ikaendeleza ile fikra ya mkoloni ya shamba moja jina moja, basi aliyekuwa Nairobi ama Nakuru siku ya kupimwa akapoteza, mjane akaandikwa chini ya shemeji, mgeni akaandikwa kama mwenye shamba ama akafukuzwa. Kesi nyingi za leo si uchawi wala roho mbaya, zilianza siku hiyo karani alipoandika jina. Muulize mzee: siku ya kupimwa nani alikuwepo na nani alishika kamba?

Baadaye ndio uende kwa karatasi. Ofisi ya ardhi lipa sachi (kutafutiwa rekodi ya shamba), halafu omba kuona ile grini kadi ya hiyo namba ya shamba, inaonyesha mwenye kwanza na kila aliyefuata. Misheni za zamani zina vitabu vya ubatizo, omba padri ama pasta kwa upole na ujue jina la ubatizo pamoja na la nyumbani, kwa sababu karani aliandika vile alisikia. Hifadhi ya taifa iko Nairobi, Moi Avenue, na kuna vituo mikoani pia, Nakuru, Kisumu na Kakamega, ulizia hapo kwanza. Faili za Nyanza hupatikana chini ya PC/NZA na za Nakuru chini ya DC/NKU, na ripoti za mwaka za bwana shauri, yaani DC wa mkoloni, ndizo rahisi kuanza nazo. Soma ukijua aliyeandika alikuwa anamwandikia mkubwa wake, akisema "wenyeji walikubali kwa hiari" rudi kwa mzee umuulize. Na usishangae ukipata mashimo, faili nyingi za Emajensi zilichomwa na zingine zikapelekwa Uingereza, hadi 2011 kesi ya wazee wa Mau Mau ndio ikafanya zikubaliwe ziko.

Ukirekodi, anza kwa kutaja jina la mzee, mahali na tarehe, halafu mwachie aongee lugha yake, hata kama wewe hujui vizuri, kutafsiri kutafanywa baadaye na mtu anayejua. Andika neno kwa neno, usimrekebishe. Weka kopi mahali kama pawili tatu, moja kwa simu, moja kwa barua pepe, moja imechapishwa ikae na yule dada ama shangazi ambaye hapotezi vitu. Kabla hujaweka kwa grupu ya familia msomee mzee mwenyewe yote, mwanzo hadi mwisho, umuulize nini kitoke. Ramani ya mashamba na majina ya jodak usiweke kwa grupu kabisa kama kuna kesi inaendelea, mpe wakili ama wazee wa ukoo.