Uwanja wa ndege Mtwara hadi Mikindani bila kukodi gari

Hesabu safari hii kama nauli mbili. Uwanja wa ndege uko kusini mwa mji wa Mtwara. Mikindani iko upande mwingine, kama kilomita 10 kutoka mjini, kwenye barabara kuu ya Lindi. Anayekodi chombo kimoja kutoka uwanjani moja kwa moja anamlipia dereva hata kurudi mtupu. Kwa mwenye begi moja la mgongoni hiyo ni hela inayopotea bure.

Hatua ya 1: kabla ya kuondoka Dar. Vunja pesa. Noti za 1,000 na 2,000 ndizo zitakazokufaa. Ukimpa konda noti ya 10,000 asubuhi utasubiri chenji hadi mwisho wa njia. Begi laini ni bora kuliko sanduku gumu, maana nyuma ya siti ya bajaji pana nafasi finyu, na kwenye Hiace mzigo mkubwa unakaa kwenye siti ya mtu. Konda atakudai nauli ya siti hiyo, na ana haki.

Hatua ya 2: uwanjani hadi mjini. Hapa ndipo wageni wanapoumia. Patana kabla begi halijapakiwa. Likishaingia, nguvu ya kupatana imekutoka. Uliza hivi hivi: "Ni bei ya bajaji nzima au ya kichwa?" Usipouliza, dereva atahesabu umekodi, na hatakuwa amekudhulumu. Kama mko watatu, kodini nzima mgawane. Bodaboda ni rahisi zaidi kwa mtu mmoja asiye na mzigo, lakini dai kofia ngumu. Kisha mwambie dereva unakotaka kushuka: "Nishushe zinapopakia daladala za Mikindani." Ukisema "mjini" tu, atakuacha popote.

Hatua ya 3: daladala. Mtwara na Mikindani ni manispaa moja, kwa hiyo hizi ni gari za mjini na hazina tiketi ya kukata mapema. Gari huondoka likijaa. Panda lililokaribia kujaa, hata kama lililo tupu lina siti nzuri ya dirishani. Mpiga debe akinyoosha mkono kwenye begi, lishike mwenyewe, kwa sababu likitangulia kwenye gari nawe utalifuata, liwe linakwenda Mikindani au la. Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Muulize abiria wa jirani kabla konda hajafika kwako.

Hatua ya 4: kushuka. Ghuba itaonekana upande wako wa kulia. Mwambie konda mapema jina la nyumba ya wageni. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu mlimani, na ukiwa na mzigo mlima huo unachosha.

Hatua ya 5: maji. Mikindani ni mji wa ghuba, wa majahazi na nyumba kongwe za mawe. Maji yakipwa, mbele yako pana tope na mikoko, hapaogeleki. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Anayefika saa nne siku ya bamvua akakuta tope asiulaumu mji.

Maswali ya wanachama

*Ndege yangu inatua jioni. Daladala zitakuwepo?*
Jua huku huzama karibu saa kumi na mbili na kitu, na gari hupungua giza likiingia. Ukitua baada ya saa kumi na moja, kodi teksi au bajaji moja kwa moja. Hapo nauli ya ziada ina maana.

*Nataka mchanga mweupe, si majengo.*
Basi lengo lako ni Msimbati, na njia yake ni nyingine kabisa: kusini mashariki, kupitia Madimba kwenye mitambo ya gesi. Pako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, kwa hiyo kuna kiingilio. Usafiri wa kurudi ni mchache alasiri. Kabla hujashuka, mwulize dereva gari la mwisho linageuka saa ngapi.
Mwanachama mwingine anaongeza: kwa asiye na siku nzima, Msangamkuu inatosha. Unavuka kwa chombo kutoka Mtwara mjini, bila barabara ndefu.

*Na Lindi mjini, njia ni hiyo hiyo?*
Mwanzo ndiyo. Kutoka uwanjani nenda stendi kuu ya Mkanaledi, panda basi la Lindi. Litapita Mikindani, kisha Mnazi Mmoja. Ni kilomita zaidi ya 100. Sikiliza vizuri konda anapotaja mwisho wa safari: mabasi mengi yakifika Mnazi Mmoja hukata kushoto kwenda Masasi, na Lindi ni kulia. Ukipanda la Masasi, shuka Mnazi Mmoja ubadilishe gari.

*Shemeji zangu, nina watoto wawili na masanduku matatu. Mnanishauri daladala?*
Hapana, dada. Utalipia siti za masanduku, na mtoto mmoja atapakatwa na mtu usiyemjua. Chukua teksi, patana bei ya hadi mlangoni, na utaje masanduku yote matatu wakati wa kupatana.